Vifurushi Vilivyokosekana

3 Februari

Mjomba,

Shikamoo. Mama nimemsalimia Jumapili kwa simu, akaitikia marahaba kabla sijamaliza kuitamka, kama kawaida yake, halafu akakata. Mimi ni mzima, ila pua yangu imechoka na ofisi hii.

Nakuandikia kwa sababu ninachotaka kuuliza ni amri za kompyuta, na masikio yako unayajua. Mara ya mwisho nilipokutajia neno moja tu la kompyuta kwenye simu, uliniuliza, "Nani kafa?" Barua nampa dereva wa lori la saruji. Siipitishi ofisini, maana barua za huku hufika na gundi iliyolambwa mara ya pili. Ukishika mdomo wa bahasha unagusa mate ya mtu usiyemjua.

Kazi yangu unaifahamu. Chupa za maji zinakuja kutoka kwenye matangi, tunahesabu vijidudu, tunaandika. Mwisho wa Juni natakiwa kusaini taarifa kwamba maji ya matangi yote ni salama. Jina litakuwa langu. Lakini hesabu yenyewe anaifanya mkuu wetu, kwenye jedwali alilolifunga kwa neno la siri. Tunamwita Mzee Kitambaa, kwa sababu akishikana mkono na mtu wa chini yake hutoa kitambaa na kujifuta, wewe ukiwa bado umesimama mbele yake. Nadhani kila kipimo kikubwa anakitupa kwa madai kwamba ni kosa la mpimaji. Mpimaji ni mimi.

Kuna tangi moja ambalo sisaini mpaka nihesabu mwenyewe. Silitaji, usiniulize. Nikikutajia wewe, kwa sauti yako hiyo, mtaa mzima utasikia kabla hujavua miwani.

Stooni nimeokota laptop iliyoachwa na mtafiti mmoja, neno lake la siri limebandikwa chini yake. Ina Linux, si Windows, ndiyo maana hakuna aliyeitaka. Ikipata joto mende wanatoka kwenye matundu ya feni, mmoja mmoja, bila haraka, kama wafanyakazi wa humu wanaporudi kutoka kwenye chai. Nataka niweke Octave, ile programu ya hesabu uliyokuwa ukiwafundishia wanachuo wako. Nifanyeje? Nieleze taratibu, lakini usianze na historia.

Mpwa wako,
Mama Maswali

19 Februari

Mpwa wangu Mama Maswali,

Marahaba. Barua yako imefika ikiwa na vumbi la saruji lakini bila mate ya mtu, na kwa hilo namshukuru dereva. Sisi sote hapa wazima. Mama yako anapumzika, anakusalimu.

Umesema nisianze na historia, basi nianze na mende. Zima mashine, toa betri, fungua vifuniko vya chini, ifagie kwa brashi ya rangi iliyo kavu. Usipulize kwa mdomo. Nilipuliza moja chuoni, na nilichokipokea usoni bado sijakisahau.

Sasa sikiliza. Ndani ya mashine yako kuna programu iitwayo apt, ambayo kazi yake ni kuleta programu nyingine. Ifikirie kama fundi mwashi mwenye adabu. Mwashi mbaya ukimwita ajenge ukuta anaanza kupanga matofali papo hapo, kisha anakumbuka hakuna maji. Huyu wa kwetu, kabla hajagusa kitu, anatazama: mchanga upo? Saruji ipo? Octave ni ukuta. Ili isimame inahitaji vifurushi vingine vingi, yaani programu ndogo ndogo, kimoja cha kuzidisha matriki, yale majedwali ya namba, kingine cha kuchora, na vile navyo vina mahitaji yao. Yeye anavijua vyote, analeta kile usichokuwa nacho, na kile ulichonacho anakiacha kilipo. Kwanza unamwambia asome upya orodha ya maghala yake ya mtandaoni:

sudo apt update

Kisha:

sudo apt install octave

Atakuuliza neno la siri. Ukilichapa hutaona kitu chochote kwenye kioo, hata nukta. Usidhani kibodi imekufa. Halafu atakuonyesha orodha ya kila anachotaka kuleta, na kukuuliza kama unakubali. Isome, mpwa wangu. Watu wengi hubonyeza tu. Anayekubali orodha asiyoisoma hana tofauti na anayesaini taarifa ambayo hesabu yake hajaiona, na naona hilo huhitaji nikueleze.

Huyo mkuu wenu ananichefua. Kutupa kipimo kwa sababu ni kikubwa! Kipimo kikubwa ndicho unachopaswa kukipima mara ya pili. Wanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza walilijua hilo, na wengine hawakujua hata kufunga vifungo vya shati.

Mjomba wako,
Kiziwi

11 Machi

Mjomba,

Shikamoo, na mende wanakuamkia. Nimewafagia. Hapo chini palikuwa na mayai yao, ganda juu ya ganda, na kucha. Kucha za mtu, Mjomba, zilizokatwa vizuri kabisa. Sijala mchana ule.

Neno la siri lilinitoa jasho hata baada ya maelezo yako, lakini mwashi wako aliamka na orodha niliisoma yote. Kisha akaanza kuleta vitu, mtandao wa huku ukakatika. Akaanza tena, ukakatika tena. Mtandao wetu unapatikana karibu na dirisha la choo tu, kwa hiyo nilikaa pale na laptop mapajani, na kila aliyetoka alinipa pole.

Fundi wetu wa kompyuta, yule anayejiita Mtaalamu, akapita akitafuna karanga. "Dada, unateseka na nini? Mimi ninayo program nzuri zaidi, nimeshavunja kufuli, nakuwekea sasa hivi." Akachomoa flash mfukoni ikiwa na maganda ya karanga kwenye meno yake. Nikamuuliza kufuli limevunjwa na nani. Akasema, "Aah, watu." Nikaona jinsi inavyofanya kazi kwenye mashine yake: kabla hujahesabu mbili na mbili inakuonyesha tangazo la dawa za nguvu za kiume. Na matokeo ya maji ya watu yanapita humo!

Mara Mzee Kitambaa naye akatoka chooni. Akaangalia kioo changu, akauliza ni nini. Nikamwambia ni programu ya hesabu, ya bure, haina wizi. Akacheka.

"Programu ya bure, majibu ya bure."

Akanigusa bega, kisha akatoa kitambaa akafuta vidole. Alikuwa ametoka chooni, Mjomba, na mikono ilikuwa mikavu. Aliyepaswa kujifuta ni mimi.

Niwekee vifurushi kwenye flash, dereva atavileta. Mashine yangu ni toleo lile lile la kwako, nimeangalia.

Halafu, Mama ana nini? Jumapili sauti yake ilikuwa nyembamba kama ya mtu aliyejifunika shuka mdomoni. Nilipomuuliza akasema ni mtandao.

Mama Maswali

2 Aprili

Mpwa wangu,

Marahaba. Nimechelewa kujibu, nisamehe. Palikuwa na shughuli za hapa na pale. Sisi sote wazima. Kuhusu sauti, mtandao wa huku nao umekuwa mbovu sana siku hizi, kila mtu analalamika.

Nimekuwekea flash ndani ya soksi mpya, na soksi ndani ya bahasha. Nilimwambia mwashi wangu alete kila kinachohitajika na Octave lakini asijenge, aweke tu mzigo chini. Amri yenyewe ni ile ile, ila unaongeza --download-only, na mzigo unaukuta kwenye kabati lake liitwalo /var/cache/apt/archives. Wewe chomeka flash, ingia kwenye folda, andika:

sudo dpkg -i *.deb

Huyu dpkg ni kibarua wa mwashi. Hana adabu ya bosi wake. Hatafuti kitu, hajui ghala liko wapi, anapanga alichopewa, na kikipungua kitu anagoma.

Umeniuliza zamani kidogo kwa nini chuo kilikuwa kinatumia programu hii badala ya zile za kununua. Utaniambia sikuulizwa. Sawa, nitajibu hivyo hivyo. Kwa sababu mtu yeyote anaweza kuifungua akaona hesabu inavyofanyika. Jedwali lenye kufuli ni mpishi anayefunga mlango wa jiko. Labda anapika vizuri. Lakini ukikuta unywele kwenye sahani utasema nini?

Naandika kwenye benchi, ndiyo maana mwandiko umepinda.

Mjomba

20 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Flash imefika, na soksi naivaa.

Kibarua wako amegoma. Nimeandika kama ulivyosema, akatapika kioo kizima: hiki kinahitaji kile, kile hakipo, siwezi kuendelea. Nimenakili majina ya vinavyokosekana, karatasi ya pili. Ni vingi kuliko ulivyonitumia. Nilidhani dereva amedondosha nusu ya mzigo, nikamsema vibaya maskini, akaniambia, "Dada, soksi nilikuwa nimeilalia."

Ofisini taarifa imeshachapwa. Bado nafasi ya saini yangu. Mzee Kitambaa anaipitisha mezani kwangu kila asubuhi kama sahani ya chakula kilicholala, anaisogeza mbele kidogo kwa kidole kimoja. Jana aliweka na kalamu juu yake. Kalamu ilikuwa imetafunwa mwishoni.

Chupa za lile tangi zimeanza kuja na kitu cheusi chini. Ukifungua kizibo unapata harufu ya nyama iliyosahaulika kwenye mfuko. Nimemwonyesha Mtaalamu, akasema labda chupa haikuoshwa, akaendelea kutafuna.

Na barua yako ilinuka dawa ya kusafishia sakafu, ile kali ya zahanati. Benchi gani hilo, Mjomba? Kuna nini huko?

Mpwa wako

9 Mei

Mpwa wangu,

Marahaba. Sisi wazima. Dawa ile niliimwagia barua kwa bahati mbaya nikisafisha ukumbi.

Nimesoma karatasi yako ya pili na nimecheka, kisha sikucheka. Unajua kilichotokea? Mwashi wangu aliniuliza mimi, si wewe. Nilipomwambia alete vinavyohitajika na Octave, akatazama nyumbani kwangu, akaona mchanga upo, saruji ipo, maana mashine yangu imejaa vitu vya miaka yote niliyofundisha. Akaleta vichache ambavyo mimi sikuwa navyo. Vile nilivyokuwa navyo, akanyamaza. Hakudanganya. Alidhani kilichoko kwangu kiko na kwako. Nimefundisha jambo hili darasani kwa mdomo wangu, nikaanguka ndani yake kwa miguu miwili.

Dawa ni kupakua kwa kutumia mashine isiyo na kitu. Fundi cherehani wa nyumba ya pili ana laptop ya zamani. Ameniruhusu niifute yote na kuweka Linux mpya, tupu kama chumba ambacho hakijahamiwa. Hapo mwashi hakuwa na cha kudhani, akaleta kila kitu. Fundi alikaa karibu yangu muda wote, mtoto wake mdogo amelala mapajani. Akaniuliza, "Mwalimu, hivi vyote ni vya kujumlisha tu?" Nikamweleza matriki. Alisikiliza kwa heshima, lakini macho yalikuwa kwa mtoto.

Flash ya pili hii hapa, soksi ya pili pia, ili uwe na jozi.

Harufu unayoieleza naifahamu, kwa bahati mbaya. Maji yetu ya bomba nayo siku hizi yana uvundo, hasa mvua ikinyesha. Mama yako anasema ni pua yangu ya uzeeni.

Mjomba Kiziwi

28 Mei

Mjomba, bomba gani?

Nyinyi mna kisima. Nimekulia kwenye kamba ya kile kisima. Umeandika "maji yetu ya bomba". Lini? Nani ameniambia?

Octave imefunguka leo asubuhi. Nimeiingizia vipimo vyote vya lile tangi kama nilivyoviandika mimi, kimoja kimoja, bila kutupa. Nimeandika mean, ikanipa wastani, kisha plot, ikanichorea mstari. Mstari unakwenda chini chini mwaka mzima uliopita, halafu unapanda. Kila mvua unapanda, na haurudi ulikotoka. Kisha nikatupa vipimo vikubwa vyote, kama ninavyomshuku yeye kufanya, nikapata tarakimu zile zile za kwenye taarifa yake, hadi ya mwisho. Nimekunakilia vipimo vyote na tarehe zake, karatasi ya pili.

Tangi lenyewe ni lile la kilimani, juu ya shule. La kwenu. Nilikuwa najituliza kila siku kwamba watu wangu wanakunywa maji ya kisima. Kwa hiyo nikakaa kimya nipate uhakika kwanza, nisitie watu hofu, kwa sababu ya sauti yako.

Nimempigia Mama. Nimemwambia asinywe maji yale, achemshe, asiyaoshee hata vyombo. Akaniambia, "Maji yana kosa gani? Niko sokoni." Nyuma yake mwanamke alikuwa anaita majina ya watu na kuwaambia waingie na kadi zao. Soko gani hilo?

Dereva anasubiri hapa nje na injini inawaka. Nimemwambia akupe mkononi na asiondoke bila jibu. Usiniandikie neno "wazima". Niambie.

4 Juni

Mama yako yu hai. Salamu nitaziweka mwishoni.

Amelazwa mara mbili, Machi hadi mwanzo wa Aprili, na tena mwezi uliopita. Ni tumbo, kuhara na homa, mpaka macho yakaingia ndani. Benchi nililoandikia lilikuwa la wodini. Siku ulipopiga alikuwa kwenye foleni ya daktari. Alinikataza nisikwambie: "Mtoto yuko kazini, asisumbuliwe." Nami nikaona ni adabu. Sasa anakunywa maji ya kuchemsha tu, amekula uji, na asubuhi hii amenigombeza, kwa hiyo nina matumaini.

Kisima tulikifunika mwaka jana. Jirani alichimba shimo la choo karibu mno. Tukavuta bomba. Sikukuandikia kwa sababu nilidhani mama yako amekwambia, naye alidhani nimekwambia mimi. Kilichoko kwetu tukadhani kiko na kwako.

Niliposoma barua yako nilikwenda kwa fundi bomba tukapanda kilimani. Napenda kueleza mambo, unajua, lakini hapa nitakuwa mfupi. Mfuniko wa tangi umeoza upande mmoja. Popo wameingia humo, nadhani kwa miezi. Waliokufa wanaelea, wengine wameshayeyuka, na juu ya maji kuna utando kama wa mchuzi uliopoa, wenye manyoya. Ngazi ya ndani imefunikwa na kinyesi. Fundi bomba, mtu aliyezibua vyoo maisha yake yote, alishuka akakaa chini, akaniambia, "Mwalimu, mimi asubuhi nilikunywa." Nilikuwa nimekunywa na mimi. Na chai ya maji yale nikaisifu.

Mtoto wa fundi cherehani naye alilazwa, hakupona. Kitanda chake kilikuwa karibu na cha mama yako. Tulimzika wiki ile ile niliyokutumia flash ya pili. Sikukuandikia. Baba yake jana ameniuliza kama ile mashine yake bado ninaihitaji.

Ulichoogopa nimekifanya. Nilisimama mbele ya lango la shule wakati wazazi wanachukua watoto, nikasoma tarakimu zako kwa sauti, moja baada ya nyingine, tarehe na kipimo. Nimeambiwa walinisikia hadi kituo cha mabasi. Watu wamefunga valvu wenyewe na kuweka mawe juu yake.

Usisaini.

Salamu: marahaba. Mimi tumbo linanisokota. Mama yako anakusalimu akiwa amelala, amekonda sana, utashtuka ukimwona.

Mjomba wako

22 Juni

Mjomba, habari kwanza. Nimefukuzwa kazi. Nina kikohozi. Nimelia kwa ajili ya mtoto wa fundi, sijui nimwandikie baba yake nini, kwa hiyo bado sijamwandikia. Nakuja kwa lori la saruji Ijumaa.

Sikusaini. Nilichapa ule mchoro, mstari mzima pamoja na vipimo vikubwa, na chini yake nikaandika amri nilizotumia, neno kwa neno kama ulivyoniandikia, ili yeyote anayetaka arudie mwenyewe. Nikabandika ubaoni. Mzee Kitambaa akaja kuusoma. Akasema, "Hizi ni takataka za programu ya bure." Mtaalamu alikuwa nyuma yake. Aliacha kutafuna. Akasema taratibu, "Bosi, hata nyumbani kwetu wanakunywa hayo."

Mchana watu wa wizara walifika, kwa sababu ya kelele za mtaani kwenu, na mchoro walioukuta ubaoni wakaubandua wakaondoka nao. Taarifa ya mkuu bado iko mezani, saini yake peke yake juu yake. Sijui itakuwaje. Barua yangu ya kufukuzwa ilikuwa imeshachapwa kabla hawajafika, gundi mbichi.

Nilipokuwa natoka na laptop yangu ya mende, Mzee Kitambaa akanifuata mlangoni mbele ya wenzangu, akatabasamu, akaninyooshea mkono wa kuagana. Nikaupokea. Kisha, akiwa bado amesimama, nikavua soksi yako moja, nikajifuta kidole kwa kidole, nikaitupa kwenye pipa lake.

Ukija kunipokea, njoo na nyingine. Na salamu kwenu nyote, mlio wazima na msio wazima.

Mpwa wako